Chenga za kubandika: malalamiko yangu kuhusu filamu za kanda zilizookotwa na wanaozitetea

Ndugu wadau wa filamu za kutisha,

Nimesoma maoni mengi ya watazamaji kuhusu filamu mpya ya kutisha inayodai kwamba kila tunachokiona kilirekodiwa mwaka 1987 na familia moja iliyokuwa imehamia nyumba mpya, na kwamba kanda hizo ziliokotwa baadaye, baada ya familia yenyewe kutoweka. Jina la filamu silitaji, kwa sababu kosa lake limekwisha kuwa kosa la kundi zima la filamu za namna hii, za kanda zilizookotwa, yaani zinazojifanya ni rekodi halisi iliyokutwa baadaye. Kilichonilazimisha kufungua uzi huu ni jinsi watazamaji wenye hoja za msingi wanavyozomewa na wenzao kila wanapouliza swali.

Mtu akiuliza mbona picha ni pana kama ya runinga za leo, anajibiwa kwamba hii ni filamu tu. Akiuliza muziki unaopigwa wakati mama anashuka ngazi unatoka wapi, anaambiwa anatafuta makosa. Akisema hakuogopa hata kidogo, anaambiwa hajui sanaa. Majibu haya yananikera kwa sababu yanapuuza makubaliano ambayo aina hii ya filamu imeyaweka yenyewe, bila kulazimishwa na yeyote. Filamu ya kawaida inatuomba tuisahau kamera, nasi tunaisahau. Filamu ya kanda iliyookotwa inatuomba tuikumbuke kamera wakati wote: tujue nani ameishika, kwa nini hajaizima, inaweza kuona nini na haiwezi kuona nini. Hofu yote inatoka hapo. Mtengenezaji akishatuambia kwamba kanda ni shahidi, hana haki ya kukasirika tunapomhoji shahidi wake.

Basi tumhoji. Kamera za nyumbani za mwaka 1987 zilirekodi picha yenye uwiano wa nne kwa tatu, yaani iliyokaribia mraba, na kanda ya VHS, ile ya video za nyumbani za enzi hizo, ilihifadhi undani wa mistari ipatayo 240 tu kwa upana wa picha, ndiyo maana sura za watu wa mbali zilikuwa kama zimepakwa rangi kwa kidole na rangi nyekundu ilivuja nje ya mipaka ya nguo. Filamu hii ina picha pana, safi, ambayo unaweza kuhesabu nyuzi za sweta la mtoto, kisha juu yake wamemwaga chenga na mistari ya kucheza ili tuamini kwamba ni ya zamani. Utazameni kwa makini ule mchirizi mweupe ulio juu upande wa kushoto katika tukio la ghalani. Unapita, unapotea, na baada ya sekunde chache unarudi palepale kwa umbo lilelile, kisha unarudi tena. Kwenye kanda halisi, mchirizi wa namna hiyo hutokea mahali ambapo unga wa sumaku umebanduka, hupita pamoja na kipande hicho cha utepe na kwenda zake. Hauwezi kurudi kila baada ya muda uleule kana kwamba umeajiriwa. Nilipouona mara ya tatu niliacha kumtazama mtoto aliyesimama gizani, nikabaki naungojea mchirizi, na hapo ndipo filamu iliponipoteza.

Halafu kuna picha ya kijani ya gizani. Baba anabonyeza kitufe na ghafla ghala lote linaonekana kwa ule mwanga wa kijani tunaoujua. Sony ilianza kuuza kamera za nyumbani zenye uwezo huo mwaka 1998, miaka kumi na moja baada ya usiku huo wa ghalani. Mtetezi mmoja ameandika kwamba hakuna mtazamaji anayejali jambo hilo. Mimi najali, na sababu yangu ni kwamba kasoro za kamera ya 1987 zilikuwa zawadi kwa mtengenezaji wa filamu ya kutisha. Kamera ile gizani ilikuwa karibu kipofu. Ilihitaji taa, taa ilikula betri, na betri haikudumu sana, kwa hiyo mtu aliyeingia ghalani nayo alilazimika kuchagua kati ya kuona sasa na kuona baadaye. Hiyo peke yake ni hadithi ya kutisha iliyokamilika. Walipewa bure, wakaitupa ili wapate kijani.

Kuhusu sauti nitasema zaidi, maana naona hata wanaolalamika wenzangu hawajaigusa. Kamera hizo zilikuwa na maikrofoni moja ndogo iliyobanwa karibu na lenzi, na ndani yake kulikuwa na mfumo wa kujirekebisha wenyewe: kukiwa na kelele, kamera ilipunguza sauti, na kukiwa kimya, iliipandisha taratibu mpaka ukaanza kusikia mvumo wa mota ya kanda, pumzi za aliyeishika, hata nguo zake zikisuguana. Yeyote aliyewahi kutazama kanda ya sherehe ya nyumbani anaujua ule mfuriko wa kelele ndogondogo unaopanda mara tu watu wanapoacha kuzungumza. Fikirini mtengenezaji makini angefanya nini na hali hiyo: chumba kitupu, hakuna anayesema, na kamera yenyewe, bila kuamriwa na mtu, inazidi kutega sikio. Badala yake tumepewa kishindo kizito cha kumbi za kisasa, kinachozunguka pande zote za chumba, kila kivuli kinapopita. Watazamaji waliruka vitini, ni kweli, lakini mtu huruka pia mlango unapobamizwa na upepo. Kushtuka kunakwisha baada ya sekunde mbili, na mwenye hofu ya kweli huenda nayo kitandani.

Wanaosema kwamba tunadai mambo yasiyowezekana, naomba wafikirie kanda yenyewe inavyochakaa. Ukiisimamisha deki kwenye picha moja, vichwa vya kusomea huendelea kuzunguka juu ya kipande kilekile cha utepe na kukikwangua, ndiyo maana deki nyingi zilitengenezwa zijizime zenyewe baada ya dakika kadhaa. Maana yake ni kwamba kipande kilichoharibika kuliko vingine ndicho ambacho mtu fulani alikisimamisha na kukirudia mara nyingi. Hebu waza kanda safi kuanzia mwanzo, halafu ghafla, katika tukio la kawaida kabisa la watoto wakila mezani, picha inaanza kuchanika. Hakuna kinachotokea mezani. Lakini kuna mtu alikaa peke yake akaitazama meza hiyo, akaisimamisha, akairudisha, akaisimamisha tena, kwa sababu aliona kitu ambacho wewe bado hujakiona. Mtazamaji ataanza kukagua kila pembe ya picha bila kuhimizwa na muziki wowote. Vivyo hivyo kanda iliyorekodiwa juu ya kanda nyingine: pale rekodi mpya inapoishia, ile ya zamani inachomoza kwa sekunde chache, na mtu akajua kwamba kulikuwa na jambo jingine pale ambalo limefutwa. Uchakavu ungeweza kusimulia. Katika filamu hii unapamba tu, umetandazwa sawasawa kuanzia dakika ya kwanza hadi ya mwisho, bila kubagua sherehe ya kuzaliwa na usiku wa mauaji.

Nimeona pia hoja kwamba watazamaji wa leo ni wajuaji kupita kiasi, na kwamba wa zamani walitishika kwa sababu waliamini kila kitu. Ni kweli kwamba baada ya Cannibal Holocaust, filamu nyingine ya kanda zilizookotwa, kutoka mwaka 1980, watu walidhani mauaji yake ni ya kweli, na mwongozaji wake Ruggero Deodato alijikuta mikononi mwa sheria huko Italia na akalazimika kuonyesha kwamba waigizaji wake walikuwa hai. Ni kweli pia kwamba mwaka 1999 wako walioingia kuitazama The Blair Witch Project, inayohusu vijana watatu wanaojirekodi msituni, wakidhani kwamba vijana hao walipotea kweli. Lakini hiyo ya mwaka 1999 inatazamwa hadi leo na watu wanaojua fika kwamba waigizaji wake wako salama, na bado inawatisha. Waigizaji walishika kamera wenyewe, moja ya video na nyingine ya utepe wa filamu wa milimita 16, wakatumia majina yao halisi, na kinachoonekana ni kile tu ambacho mtu aliyeko pale, akiwa amechoka na mwenye hofu, angeweza kukinasa. Hatuombi kudanganywa kwamba tukio lilitokea. Tunaomba filamu iheshimu sheria iliyojitungia.

Kwa wanaolalamika kwamba picha ni ya giza na kwamba saa nzima ya kwanza haina tukio, siko pamoja nanyi. Polepole ile ndiyo sehemu pekee niliyoipenda. Ila wale waliosema walipata kizunguzungu na kichefuchefu, tafadhali waacheni. Kucheka mtu kwamba ana tumbo la kitoto ni utovu wa adabu na ni ujinga pia, kwa sababu jambo lenyewe linaeleweka: macho yanaona mwendo ambao sikio la ndani haliuhisi, na mwili unagoma. Filamu inayotikisa picha namna ile, tena ikiwa na mwanga wa kumwekamweka katika tukio la ngazi, ilipaswa kuweka onyo mwanzoni, hasa kwa watu wenye kifafa ambao mwanga wa namna hiyo unaweza kuwaletea mshtuko. Onyo hilo halikuwepo, na wanaoitetea filamu hawajalisemea hata kwa mstari mmoja.

Nimeacha kwa mwisho jambo linaloniudhi kuliko yote. Kanda hizi zinaitwa zilizookotwa, na filamu haituambii popote ni nani aliyeziokota. Tunachokiona kimehaririwa. Matukio yamepangwa, mama anaonekana kwa mbele na kwa nyuma katika mazungumzo yaleyale ilhali nyumbani kuna kamera moja, na kuna mkono uliochagua kukata pale mtoto anapogeuka. Mkono huo ni wa nani? Kama ni wa polisi, kwa nini wameongeza muziki? Kama ni wa ndugu wa marehemu, anawezaje kukaa na kupanga kifo cha dada yake kwa ajili ya kutustarehesha? Na kama ni wa kile kilichokuwemo ghalani, basi hiyo ndiyo filamu niliyotaka kuitazama, na hakuna hata dalili moja kwamba waliotengeneza hii waliwahi kuifikiria. Mtetezi yeyote mwenye jibu lililomo ndani ya filamu yenyewe, na si lile alilolibuni baada ya kutoka ukumbini, ataje dakika na tukio, nami nitairudia filamu nihakikishe.