Mjadala: Je, tuendelee kuwaambia wanafunzi kwamba mageuko ni "nadharia tu"?

Mtoa mada (mwalimu wa Baiolojia, Moshi)

Wadau, naleta hoja hii nikiwa na msimamo, na siufichi. Watoto wetu wengi wameanza kidato cha kwanza kwa kusoma kwenye Historia kwamba zipo nadharia mbili kuhusu asili ya binadamu: ya uumbaji na ya mageuko, yaani kwamba viumbe hubadilika kizazi hadi kizazi mpaka zikatokea aina mpya. Miaka mitatu baadaye nawafundisha Lamarck na Darwin, wanasayansi walioeleza mageuko, na kabla sijamaliza kuandika ubaoni mkono unanyooshwa: "Mwalimu, si ni nadharia tu?"

Naona sentensi ile ya kidato cha kwanza inawakosea watu wa pande zote mbili. Bibi wa Kibosho anayesali rozari jioni hasadiki nadharia ya uumbaji. Anamwamini Muumba, na imani yake haisubiri majibu ya maabara. Kuiita nadharia ni kuishusha. Na mtafiti anayesema "nadharia ya mageuko" hazungumzii wazo lililomjia njiani. Tumeziweka kwenye mizani moja, tukawaambia watoto wachague, kana kwamba ni wagombea wawili wa udiwani.

Chanzo kimojawapo ni mazoea yetu ya kusema. Fundi wa gereji pale Pasua akimwambia kijana aliyetoka chuo "una nadharia tu", anamaanisha hajawahi kushika spana. Vijiweni nako "hiyo nadharia yako" maana yake unakisia. Sina ugomvi na matumizi hayo. Lakini kwenye sayansi wazo linalosubiri kupimwa lina jina lake, nadharia tete, na kila aliyeandika tasnifu chuoni analijua. Likishapimwa na wengi, wakiwemo waliotaka kuliangusha, likashindikana kuanguka, likaeleza kwa pamoja mambo yaliyokuwa yametawanyika, ndipo linaitwa nadharia. Hakuna ngazi nyingine juu yake.

Hospitali ya Kibong'oto kule Siha inatibu kifua kikuu kwa msingi wa nadharia ya vijidudu, inayosema kwamba vijidudu ndivyo vinavyoleta magonjwa ya kuambukiza. Robert Koch alitangaza mwaka 1882 kwamba amempata bakteria anayesababisha ugonjwa huo. Leo hakuna mgonjwa anayekataa vidonge kwa sababu ni nadharia. Kwa nini neno lilelile likifika kwa Darwin ligeuke kuwa udhaifu?

Mwinjilisti (Arusha)

Bwana Yesu asifiwe, mwalimu. Nimekusoma kwa heshima, na hilo la kutokuiita imani nadharia nakuunga mkono. Ila una deni. Newton ana sheria ya mvutano. Darwin ametoa kitabu chake mwaka 1859 na hadi leo ana nadharia. Kama imethibitika, mbona haijapanda kuwa sheria? Pia msisahau fuvu la Piltdown kule Uingereza. Wasomi walilisifu miaka mingi kumbe limetengenezwa. Tutawaaminije?

Mtoa mada

Amina, Mwinjilisti. Nadharia haipandi cheo kuwa sheria, kwa sababu hizi ni kazi mbili tofauti. Sheria ya Newton inasema vitu vinavutana kwa kiasi gani, kwa hesabu. Haisemi kwa nini. Newton mwenyewe alikiri hakujua sababu. Maelezo yalikuja na Einstein mwaka 1915, nayo ni nadharia, na iliweza kueleza mwendo wa sayari ya Utaridi ambao hesabu za Newton zilishindwa kuukamilisha. Kwa hiyo hapo nadharia ndiyo iliyosahihisha sheria.

Piltdown ni kweli, ulikuwa udanganyifu. Ulitangazwa mwaka 1912 ukaumbuliwa mwaka 1953. Lakini nani aliuumbua? Wanasayansi, kwa kupima kemikali ya mifupa na kukagua meno yaliyopigwa tupa. Na walianza kuutilia shaka kwa sababu fuvu lile halikukaa sawa na mabaki yaliyokuwa yanaendelea kupatikana kwingine, hasa Afrika Kusini. Mizani iliyoukamata uongo ule ndiyo ninayotaka watoto waijue.

Muongoza watalii (Arusha)

Niongeze la nyumbani. Nimewapita Watanzania wengi wakienda Serengeti bila kukata kona ya Oldupai, korongo la mabaki ya kale, na pale barabarani pana sanamu la mafuvu mawili makubwa! Mary Leakey aliokota fuvu la Zinjanthropus, kiumbe wa kale wa ukoo wa binadamu, pale Julai 1959. Umri wake ulikuja kupimwa kwa majivu ya volkano yaliyolala pamoja nalo: takriban miaka milioni 1.75. Mwaka 1978, Laetoli, si mbali na hapo, timu yake ikafukua nyayo za viumbe waliotembea wima kwa miguu miwili, zaidi ya miaka milioni 3.6 iliyopita.

Nawaambia wageni wangu jambo moja ambalo vitabu vya shule vinaliruka. Mwanzoni Zinj alidhaniwa kuwa babu yetu wa moja kwa moja. Sasa anahesabiwa kuwa tawi la pembeni lililokufa bila kutuzaa. Mahali pake kwenye ukoo pamebadilika, ukoo wenyewe haujafutika. Ukishuka korongoni utaona matabaka kwa macho, na katika tabaka alilotoka Zinj hakuna aliyewahi kutoa fuvu la mtu kama mimi na wewe.

Mzazi (Njiro)

Mwanangu alirudi siku moja akaniambia wamefundishwa kwamba binadamu alikuwa nyani akakatika mkia. Nikamuuliza, mbona wa Hifadhi ya Arusha bado wana mikia? Akakosa jibu, nami sikuwa nalo. Walimu, nanyi mjitazame.

Mtoa mada

Mama, una haki kabisa ya kulalamika. Sayansi haisemi hivyo. Nyani wale ni binamu wa mbali, si mababu. Hata sokwe wa Gombe ni ndugu tuliyeachana naye njia panda mamilioni ya miaka iliyopita. Naye ameendelea kubadilika upande wake, hakusimama kutusubiri.

Fundi sanifu wa maabara (Moshi)

Kwetu maabara haya si mambo ya kale. Klorokwini ilikuwa dawa ya malaria ya kila nyumba. Vimelea vichache vilivyokuwa na kinga vikabaki vikizaana huku vingine vikifa, mpaka mwaka 2001 taifa likaiacha na kuhamia SP, dawa nyingine ya malaria. Hiyo nayo ikachoka, na mwaka 2006 ikaja dawa ya mseto. Mbu wa mashamba ya mpunga ya Moshi chini wamepimwa na kukutwa na usugu dhidi ya dawa zilezile zinazotiwa kwenye vyandarua. Anayepanga dawa bila kufuata nadharia ya mageuko atazika watu.

Mwinjilisti (Arusha)

Lakini mbu amebaki mbu, na kimelea ni kimelea. Nionyesheni aina moja ikiwa nyingine.

Mtoa mada

Hilo ndilo swali hasa, na mageuko yamelijibu kwa kutabiri. Samaki walitangulia, wanyama wa miguu minne wakafuata. Basi kama nadharia ni sahihi, kiumbe wa katikati lazima awe kwenye miamba ya umri wa kati. Watafiti wakachagua miamba ya umri huo kaskazini kabisa mwa Kanada, na mwaka 2004 wakampata Tiktaalik, mwenye umri wa miaka milioni 375 hivi: ana magamba na mapezi ya samaki, lakini ana shingo, na ndani ya mapezi mna mifupa ya kiwiko.

Kwa binadamu, sokwe ana kromosomu 48, yaani nyuzi zinazobeba vinasaba ndani ya seli, sisi 46. Kama tuna babu mmoja, jozi mbili za kale lazima ziliungana kwetu. Mwaka 1991 watafiti wakaeleza mahali pa kiungo chenyewe: katikati ya kromosomu namba 2 yetu zimo alama ambazo kwa kawaida hukaa nchani. Utabiri huo ungeweza kushindwa. Haukushindwa.

Wala hili halimlazimishi mtu aache kusali. Papa Yohane Paulo II alisema mwaka 1996 kwamba mageuko ni zaidi ya nadharia tete.

Mwinjilisti (Arusha)

Huyo samaki nitamsoma, sijakubali bado. Ila kitabu cha Mwanzo kisiitwe nadharia darasani, hapo tuko pamoja.

Mwanafunzi wa kidato cha nne (Arusha)

Shikamooni. Sasa mtihani ukiuliza "eleza nadharia ya mageuko", niandike kwamba ni kweli au si kweli?

Mtoa mada

Marahaba. Hujaulizwa kama unaamini. Andika mabaki ya kale, viungo vinavyofanana, vinasaba, na usugu wa dawa, kisha ueleze kila kimoja kinaonyesha nini. Usianze jibu lako kwa "ni nadharia tu".