Binti anataka Maigizo na Filamu Gredi ya 10: aanzie wapi?

MamaKibokoni
Assalaam aleikum. Binti yangu yuko Gredi ya 9 na ameshikilia kwamba mwakani atasoma Maigizo na Filamu. Babake asema hilo si somo, ni mambo ya tamasha. Nauliza mawili: tuangalie nini kabla hatujachagua shule, na ajiandae vipi na kipande cha kuigiza peke yake cha dakika 3? Nafasi tuliyo nayo nyumbani ni sebule tu.

Mwalimu_Tudor
Waaleikum salaam mama. Enzi za 8-4-4, mfumo wa elimu wa Kenya uliotangulia huu, babake angekuwa sawa: tamthilia ilisomwa ndani ya Fasihi, na kupanda jukwaani kuliachiwa tamasha za shule. Lakini tangu Gredi ya 10 ya kwanza ilipoanza Januari 2026, ni somo la kuchagua kwenye mkondo (kundi la masomo) wa Sanaa na Sayansi ya Michezo. Kuna masomo ya lazima, halafu mwanafunzi anachagua matatu.

Wazazi wengi huteleza hapa: si kila shule ina mikondo yote mitatu. Na hata ile yenye mkondo wa sanaa inaweza kuwa na uchoraji na muziki pekee. Pigeni simu shuleni mkaulize somo hili lenyewe, kwa jina lake, na nani analifundisha. Mkionyeshwa kabati la vikombe vya tamasha, ombeni ratiba ya masomo. Vikombe huletwa na chama kinachofanya mazoezi jioni. Havisemi kama kuna mwalimu wa somo darasani saa nne asubuhi.

LesoNaMaleba
Kuhusu kipande. Dakika 3 ni maneno kama 250 hadi 300. Wanafunzi huchukua kurasa mbili nzima, wakabaki kukimbizana na saa, na kimya hakipati nafasi. Akate kwanza, akariri baadaye.

Asianze kwa kioo. Achukue penseli, apige mstari kila mahali ambapo mhusika anabadilisha anachokitaka. Dakika 3 kwa kawaida zina sehemu nne au tano za namna hiyo. Pembeni ya kila sehemu aandike kitenzi kinachomlenga mtu: kumbembeleza, kumtisha, kumwaibisha, kumpumbaza. Asiandike "huzuni" wala "hasira". Ukimwambia mtoto aigize huzuni atakunja uso na kushusha sauti tangu mwanzo hadi mwisho. Ukimwambia ambembeleze mtu asiondoke, sauti, mikono na macho vinapata kazi.

Sebule inatosha. Achore kwa chaki mraba wa mita 2 kwa 2, aweke kiti kimoja, na achague sehemu moja ukutani, usawa wa macho, awe ndiye anayeambiwa. Bila hiyo macho huzurura na mtahini huona. Kulia na kushoto kwa jukwaa ni kwa mwigizaji anapowatazama watazamaji. Ayaandike hivyo kwenye skripti.

Sauti sasa. Ukumbi wenye paa la mabati na feni humeza silabi za mwisho, na sisi wenyewe huziangusha. Katika Kiswahili hilo ni hatari: "aliuawa" ikifika kwa watazamaji kama "aliua", umeshambadilisha muuaji. Asome kipande chote kwa kunong'ona, mtu akae upande wa pili wa chumba. Palipopotea neno, hapo ndipo pa kurudia.

Barobaro_Likoni
Niongeze: kama mhusika ni wa Mvita, aseme "ndoo" (njoo), "ndia" (njia), "mato" (macho) kuanzia mwanzo hadi mwisho. Kuchanganya nusu sanifu nusu Kimvita, lahaja ya Mombasa, bila sababu kunasikika kama ameteleza.

Mwalimu_Tudor
Barobaro, kweli, ila sababu ikiwepo inaruhusiwa. Mhusika anayeongea sanifu mbele ya hakimu kisha akarudi Kimvita kwa dadake, huo ni uamuzi mzuri wa kisanii. Auandike kwenye daftari la mazoezi pamoja na sababu yake, kwa tarehe. Daftari linalojazwa usiku mmoja kabla ya kukusanywa hujulikana: wino mmoja, mwandiko mmoja, na kila jaribio lilifaulu.

MamaKibokoni
Shukrani sana walimu wangu. Na upande wa filamu, lazima tununue kamera?

KijanaWaKamera
Hapana mama, simu inatosha kwa kuanzia. Vinavyoharibu kazi ni sauti na taa. Ufuoni upepo huvuma moja kwa moja kwenye maiki, na ni vigumu programu kuusafisha vizuri. Mpigeni picha nyuma ya ukuta, simu nyingine ikirekodi sauti karibu na mdomo, nje ya fremu. Apige makofi mara moja kabla ya kuanza, apate pa kulinganishia sauti na picha.

Ndani, taa za mirija hutetema kwenye video kwa sababu umeme wetu ni 50 Hz na simu nyingi huja zimepangwa fremu 30 kwa sekunde. Kama simu inaruhusu, aweke fremu 25 na shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Kama hairuhusu, azime taa, amgeuze mwigizaji uso kuelekea dirishani. Watu wawili wakiongea, kamera ibaki upande mmoja wao. Ikivuka, wataonekana wote wanatazama upande uleule.

Jasho nalo lina lake. Poda ikipakwa juu ya uso uliolowa huganda mabaka, na kamera ya karibu haisamehi. Kitambaa kikavu kwanza, poda baadaye.