Tupeane uzoefu: "us", "you" na "them" kwenye Kiingereza cha kila siku, makosa yako wapi?

Mwanzisha uzi

Wakuu, uzi huu ni wa vitenzi vya Kiingereza vinapokutana na "us", "you" na "them". Kwetu yambwa, yaani anayetendwa au kutendewa, huingia ndani ya kitenzi: niliwaona, atatusaidia, tumevileta. Kiingereza humweka nje, nyuma ya kitenzi, na hapo ndipo wengi tunapoteleza. Leteni sentensi, kosa na sababu yake. Hadithi za "mimi nilipoanza kujifunza" tuziache kwa uzi mwingine.

Naanza na kumtaja yambwa mara mbili. "Niliwaona watoto" ni sawa kabisa kwetu, lakini "I saw them the children" haipo. Ama "I saw the children", ama "I saw them". Kosa hili lina ndugu yake, gumu zaidi kung'oka: "watu niliowaalika" inageuka kuwa "the people whom I invited them". Hapo "people" ndiyo yambwa yenyewe, hivyo "them" haina kazi. Sema "the people I invited", basi. Kukiwa na kihusishi (neno kama "with", "to" au "for") mwishoni pia usiongeze kitu: "the people I live with", si "live with them".

Kalamu Fupi

Na kinyume chake kipo. Mtu anaulizwa kama amepata funguo, anajibu "Yes, I found." Sentensi imekatika. "Find", "bring", "like", "want" na "enjoy" havisimami peke yake katika jibu kama hilo. Lazima "I found them". Ila "know", "understand", "forget" na "try" vinasimama. "I know" ni kwamba jambo hilo nalijua. "I know them" ni kwamba watu hao nawafahamu. Ukichanganya, aliyekuuliza atapata jibu la swali jingine.

Ngeli Mchanganyiko

Upande wa ngeli tuna nafuu na tuna balaa. Nafuu: -wa-, -i-, -ya-, -vi- na -zi- za wingi zote huishia "them". Watu, miti, mawe, viti, nyumba, wote "them". Huhitaji kujiuliza kama kina uhai.

Balaa ni kwamba wingi wetu na wingi wao havilingani. Maji, mafuta na maziwa huchukua -ya-, lakini "water", "oil" na "milk" ni "it". Pesa nimezihesabu: "I counted it", kwa sababu "money" haina wingi hapo. Nywele nimezikata: "I cut it", maana "hair" ya kichwa kizima ni kitu kimoja. Mizigo ikiitwa "luggage" ni "it", ikiitwa "bags" ni "them", ingawa ni mizigo ileile. Vivyo hivyo "furniture", "equipment", "advice", "information" na "homework". "News" ndiyo yenye hila: ina "s" mwishoni na bado ni "it".

Sasa geuza upande. Suruali moja, miwani moja, mkasi mmoja: vyote ni "them". "Where are my glasses? I left them on the table." Hata kama unacho kimoja tu mkononi. Sababu ni kwamba Kiingereza huhesabu pande mbili za kitu: miguu miwili ya suruali, vioo viwili, makali mawili. "Police" nao huwa wengi siku zote: "The police are here, I called them."

Dawa ni moja: usitazame ngeli ya neno la Kiswahili, tazama jina la Kiingereza ulilolitaja. Kama linakubali "these", tumia "them". "These trousers" inakubalika. "These money" haikubaliki.

Kauli Tendea

Kitenzi chetu, kiwe na kiambishi cha kutendea (kama -e- ya "ngojea") au kisiwe nacho, hubeba kazi ambayo Kiingereza humpa kihusishi. Tungojee ni "wait for us". Wasikilize ni "listen to them". Vitafute ni "look for them", watazame ni "look at them". Ukisema "wait us" au "listen them" umekiacha kihusishi nyumbani. Halafu wengine, kwa kuogopa kosa hilo, hukipachika pasipostahili: "discuss about them", "answer to them". Ni "discuss them" na "answer them". Lakini "reply" hudai "to": "reply to them".

"Tueleze" ndiyo inayoangusha wengi. "Give", "send", "show", "tell", "teach" na "lend" hukubali mtu moja kwa moja: "send us the list". "Explain", "describe" na "say" havikubali: "explain it to us", "describe them to us". Na "suggest" hukataa mfumo huo wote: si "he suggested us to leave", ni "he suggested that we leave".

Yambwa wote wawili wakiwa viwakilishi ("us", "them" na wenzake), kitu kitangulie na mtu afuate na "to": "give them to us", "show them to them". Huo wa mwisho ni sahihi kisarufi ila masikio yanauma. Mmoja wao mtaje kwa jina.

Mtu wa Vipande

Hakuna aliyegusa vitenzi vya maneno mawili, na hapa ndipo mgeni hujulikana haraka. "Pick up the books" na "pick the books up" zote sawa. Kwa kiwakilishi njia ni moja: "pick them up". "Pick up them" ni kosa. Vilevile "turn them off", "throw them away", "fill them in", "call us back".

Lakini "look after them", si "look them after". Utajuaje? Weka jina kamili katikati. "Turn the lights off" inapita, kwa hiyo kiwakilishi lazima kikae katikati. "Look the children after" haipiti, kwa hiyo kiwakilishi kinabaki mwisho. Sauti nayo inasaidia: "turn them OFF" hukazwa mwishoni, "LOOK for them" hukazwa kwenye kitenzi. Vya maneno matatu havigawanyiki namna hiyo: "put up with them", "get on with us".

Kalamu Fupi

Nataka waje: "I want them to come". Si "I want they come", wala "I want that they come". "Let" na "make" hutupa "to": "let them go", "make us wait". Ila ukiigeuza "make" kuwa kauli ya kutendwa, "to" inarudi: "we were made to wait".

Irabu

Matamshi kidogo. "Them" katika mazungumzo haikazwi. Irabu yake hufifia na mkazo hubaki kwenye kitenzi. Ukiikaza, msikilizaji ataelewa "hao, si wengine". Kwa haraka utasikia "'em": "tell 'em" husikika kama neno moja. Wengi hudhani ni "them" iliyomezwa kichwa. Kwa asili sivyo: inatokana na "hem" ya Kiingereza cha zama za kati, wakati "them" ililetwa na lugha ya watu wa Skandinavia.

"Let's go" ni twende. "Let us go" inaweza kuwa tuachilieni twende. Na Uingereza, mtu mmoja akisema "give us a hand" anaomba msaada kwa ajili yake mwenyewe, usitafute wenzake.

Mwanzisha uzi

Naongeza hili. "Nitawaambia" yetu ni wao au ninyi, mpaka tuseme "nitawaambieni". Kiingereza hulazimisha uchague: "I'll tell them" au "I'll tell you". Ila "you" haionyeshi idadi, ndiyo maana kuna "you guys", "y'all" ya kusini mwa Marekani na "youse" ya Ireland. Zote ni za maongezi, barua rasmi haizihitaji. Pale andika "you all" au "both of you".

"Them" ya mtu mmoja pia ni halali: "Someone left their phone, call them." Inatumika tangu karne ya 14. Kitenzi hubaki cha wingi, "they are", hata kama mtu ni mmoja.

Ngeli Mchanganyiko

Wanajilaumu ni "they blame themselves", wanalaumiana ni "they blame each other", wanawalaumu ni "they blame them", yaani watu wengine kabisa.

Mgeni wa Uzi

"All them" au "them all"?

Mtu wa Vipande

"All of them" au "them all", kama ilivyo "both of us" na "us both". "Some", "most" na "many" zina njia moja tu: "most of them". Kitenzi kikifuata: "all of them are", lakini "each of them is".