Likizo Uganda na baiskeli: Entebbe, Jinja au Kalangala?

Mhaya_wa_Bukoba
Wadau, Desemba mimi na mama watoto tunavuka Mutukula na baiskeli zetu kwenye buti la basi. Tunasita kati ya Entebbe, Jinja na visiwa vya Ssese, yaani Kalangala. Kampala hapana. Nimeiona nikiwa ndani ya taksi: bodaboda wanakupita kushoto na kulia, foleni ikikaza wanapanda hata njia ya waenda kwa miguu. Nani ameshaendesha maeneo hayo?

Nyar_Kisumu
Jinja, kaka. Mitaa ya mjini ni mipana na imenyooka, milima ya Kampala hamtaikuta. Alfajiri mnakwenda zenu Bujagali, mnarudi jua halijachoma. Ila msithubutu kuendesha kutoka Kampala. Ni kama kilomita 80 tu, lakini mzigo wa Mombasa wote unapita hapo, trela na matangi ya mafuta usiku na mchana. Ndani ya msitu wa Mabira wana-ovateki hata kwenye kona. Pembeni lami imeliwa, imebaki kama ngazi. Ukisukumwa nje, kurudi ni kazi. Pandisheni baiskeli kwenye basi, lipieni mzigo, basi. Na kwenye lile daraja jipya la Nile, lililofunguliwa 2018, simu ikae mfukoni. Askari hawataki picha.

Mbezi_Juu
Entebbe mbona mnaidharau? Mji umetulia, bustani ya mimea ipo tangu 1898, ziwa hilo hapo. Tabu ni kufika. Barabara ya kulipia, iliyoanza kutoza ushuru Januari 2022, si ya baiskeli. Mnabaki na ile ya zamani ya Kajjansi, na taksi za kule, yaani daladala, zinasimama popote abiria anapotaka kushuka. Indiketa ni mkono wa kondakta dirishani.

Ssebo_Masaka
Karibuni sana. Mkuu, ukitoka Mutukula unapita hapa kwetu Masaka, Jinja unaifuata ya nini? Teremkeni Bukakata, kivuko cha bure kinawavusha mpaka Luku, mko kisiwa cha Bugala. Michikichi huku na huku, gari mnapishana nalo mara mojamoja. Mvua ikinyesha mtachafuka, hilo sikufichi.

Nyar_Kisumu
Kalangala ni kuzuri, ila wiki nzima mtachoka kuangalia michikichi 😄

Mhaya_wa_Bukoba
Mama watoto ameshasema Kalangala, kesi imekwisha. Ssebo, nikuulize: wale wa matoke. Safari iliyopita nilimwona mmoja ana mikungu imefunika baiskeli nzima, hata keria haionekani. Anasukuma, mkono mmoja kwenye usukani, mwingine nyuma kwenye mzigo. Ukikutana naye unapitaje?

Ssebo_Masaka
Akipanda mlima, mpite kwa nafasi. Akishuka, mpishe wewe, tena mapema! Breki zile haziwezi uzito huo, anasimamisha kwa ndala zake. Kengele usimpigie, atageuka na mzigo utamvuta.

Mbezi_Juu
Na mafundi wa pancha?

Ssebo_Masaka
Masaka wapo wengi. Lakini baiskeli zao ni zile nyeusi za tairi 28. Mkuu, kama zenu ni za 29, tyubu bebeni kutoka Bukoba.