Jela moja kwa kaunti tatu: niulize nini kikaoni?

MamaWawili:
Wakuu, salaam. Niko Ohio, Marekani, kaunti ya mashambani. Jela yetu iko nyuma ya mahakama, paa linavuja, na wakaguzi wa jimbo wameshalalamika. Sasa makamishna wetu, wale wanaoongoza kaunti, na wa kaunti mbili jirani wanataka kujenga moja kubwa ya kuchangia. Wanasema tutaokoa hela. Kikao cha wazi ni wiki ijayo, na mimi mlipa kodi ya nyumba nataka kusimama niulize. Nianzie wapi?

DerevaMstaafu:
Dada, nimeendesha gari la mahabusu Virginia, kwenye jela ya kanda, yaani ya kaunti kadhaa kwa pamoja. Watakuonyesha hesabu ya jengo: jiko moja badala ya matatu, zahanati moja, zamu moja ya usiku. Hapo hawadanganyi. Wewe waulize habari ya gari.

Aliyekamatwa kwenu kesi yake itaendelea kusikilizwa kwenu. Tulikuwa tunawaamsha saa kumi alfajiri, pingu mikononi, mnyororo kiunoni. Wanashinda kwenye chumba cha chini cha mahakama mpaka mchana, wanapanda kwa hakimu dakika chache, kesi inaahirishwa, tunarudi nao. Askari wawili siku nzima kwa ajili ya tarehe mpya! Mafuta na saa za ziada analipa sherifu wa kaunti gani? Liandikwe.

Halafu wengi wa walio jela za kaunti hawajahukumiwa, kifungo kirefu kinatumikiwa gereza la jimbo. Leo wakili wa umma, yule anayelipwa na serikali kuwatetea wasio na uwezo, anavuka barabara tu kumwona mteja wake. Kesho?

Na mtu akiachiwa usiku, anaachiwa huko huko. Nimewakuta mlangoni na vitu vyao kwenye mfuko wa plastiki, simu imezima, hakuna basi.

Hesabu_Kwanza:
Mimi naangalia bili. West Virginia ina kaunti 55 na jela za kanda 10 chini ya jimbo, na kaunti inatozwa kwa kila kichwa kwa kila siku. Kwa miaka kiwango kilikuwa dola 48.25, yaani mtu mmoja siku 30 ni dola 1,447.50. Kaunti maskini zikalimbikiza madeni, na mwaka 2023 bunge la jimbo likabadilisha utaratibu wa kutoza.

Kwa hiyo uliza: mnalipia vitanda mlivyotumia, au idadi mliyoahidi hata vikikaa vitupu? Hili la pili ndilo linaloumiza. Mahabusu akiugua, bili ya matibabu ni ya nani, maana Medicaid, bima ya serikali kwa wenye kipato kidogo, kwa kawaida hailipii huduma anazopata mtu akiwa ndani ya jela. Na kaunti ikitaka kujitoa, deni la ujenzi inaliacha au inaondoka nalo?

Mfano mnao hapo hapo Ohio. Jela ya pamoja iliyoko Stryker ilianza 1990 kwa mchango wa kaunti tano na jiji la Toledo. Ombeni mkataba na bajeti zao, ni nyaraka za umma.

MamaWawili:
Asanteni sana. Kuhusu gari, kamishna mmoja anasema kesi zitasikilizwa kwa video, safari zitapungua.

DerevaMstaafu:
Zitapungua kweli, hasa ile siku ya kwanza ya kusomewa mashtaka. Ila mwulize kama kutakuwa na simu ya faragha. Mahakamani nilikuwa naona mtu anamvuta wakili wake mkono, ananong'ona jambo, na wakili anabadilisha maneno papo hapo. Kwenye skrini atanong'ona vipi, na askari amesimama nyuma yake?