Nimeuziwa sensa na pampu ya ABS, kumbe tatizo ni sivi-jointi waliyonifungia wenyewe!

Wakuu, heshima kwenu. Naandika nikiwa na hasira. Hii tabia ya gereji zetu za Dar ya kuchomeka mashine, kusoma namba moja kisha kukutuma dukani imenichosha kabisa.

Gari ni Corolla, zile za NZE121. Sivi-jointi (kiungo cha ekseli kinachozungusha tairi) ya mbele kushoto ilikuwa inagonga kila nikikata kona, wakanibadilishia. Kelele ikaisha, ila siku hiyohiyo taa ya ABS (mfumo unaozuia matairi yasigande ukikanyaga breki kwa nguvu) ikawaka kwenye dashibodi. Gari limeingia gereji bila taa, limetoka na taa. Unaanza kutafuta wapi kama siyo palepale ulipotoka kufungua?

Wakachomeka mashine ya kusoma hitilafu, ikatoa namba C0205. Kwenye Toyota hiyo inahusu sensa ya mwendo ya tairi la mbele kushoto. Fundi akatangaza sensa imekufa. Nikanunua sensa, ikafungwa, namba ya hitilafu ikafutwa kwenye kompyuta, natoka getini taa hiyo hapo. Nikarudi. Sasa ikawa "basi ni pampu, hizi zikizeeka zinachanganya sensa". Laki nne na nusu, pampu ya mtumba, pamoja na kutoa upepo kwenye breki. Taa ikarudi kabla sijafika barabara kubwa.

Kinachoniuma ni kwamba dalili nilimpa mwenyewe. Nikifungua swichi, taa inawaka sekunde kama tatu halafu inazimika, kama inavyotakiwa. Inarudi gari likishaanza kutembea. Waya ukikatika au plagi ikichomoka, kompyuta ya ABS inagundua gari likiwa bado limesimama, kwa sababu inapima umeme wa saketi ya sensa kabla hujaondoka. Ikingoja matairi yazunguke ndipo ilalamike, maana yake waya ni wazima ila ishara haiji. Hapo unaangalia kile ambacho sensa inakisoma. Namba ile inakutajia eneo la kupima, haijakwambia nunua nini!

Sensa ya mbele ya gari hili ni koili na sumaku, inasoma pete yenye meno iliyovishwa kwenye kikombe cha sivi-jointi. Meno yakipita mbele yake, inazalisha umeme mdogo wa AC (unaogeuka mwelekeo). Pasipo meno hakuna umeme. Kulipima hilo hakuhitaji mashine ya mamilioni. Fundi umeme mmoja kijana, hana hata bango, alipiga jeki, akachomoa plagi ya sensa, akaweka mita kwenye volti za AC na kuzungusha tairi kwa mkono. Upande wa kulia mita ikacheza. Kushoto sifuri, hata alipozungusha kwa nguvu. Akamulika tochi nyuma ya habu (kitovu cha tairi), akaniita nione. Sivi-jointi mpya ni laini mduara mzima, haina jino hata moja. Wamenifungia ya gari lisilo na ABS! Ile sensa ya zamani niliyoambiwa imekufa aliipima omu (ukinzani wa koili), ikawa nzima.

(Msiibebe hii kwa kila gari. Magari mengi ya karibuni yanatumia sensa zinazohitaji kupewa umeme ndipo zifanye kazi, hizo huzipimi omu. Na nyingi zinasoma sumaku iliyo kwenye sili ya beringi. Beringi ikishindiliwa kinyume, ABS imekwisha hapohapo, na mashine itakutajia sensa vilevile.)

Lililonitoa machozi ya hasira ni hili. Pampu iliposhindwa, yule fundi akanishauri waya wa taa ya ABS tuuunganishe na taa ya oili, ili ziwake na kuzimika pamoja, "usumbuke nini, breki si zinashika?" Zinashika ndiyo. Lakini bila ABS, kwenye lami yenye maji, ukikanyaga kwa nguvu tairi linaganda, na likiganda la mbele unakata usukani na gari linakwenda moja kwa moja. Mimi nabeba watoto kwenye hilo gari!

Na wangapi wameshauziwa magari yaliyofanyiwa hivyo? Unayenunua gari la mkononi, fungua swichi bila kuwasha injini. Taa ya ABS iwake, izimike yenyewe baada ya sekunde chache. Isipowaka kabisa, au ikikaa mpaka injini iwake ndipo izimike sambamba na ya oili, lipe mgongo.

Nimewarudishia pampu na sivi-jointi. Jibu lao ni kwamba spea ya umeme ikishafungwa hairudishwi. Sivi-jointi imekuwa spea ya umeme tangu lini? Nataka hela ya sensa, ya pampu na ya ufundi, yote. Sivi-jointi yangu ya zamani, iliyokuwa na pete yake, wameshaiuza chuma chakavu bila kuniuliza.

Anayejua duka Kariakoo au Gerezani lenye sivi-jointi ya NZE121 yenye pete aniambie. Nitakwenda kuhesabu meno mwenyewe nikilinganisha na ya upande wa kulia, kabla sijatoa hata shilingi.