Wakili kajitolea kutusaidia kuanzisha chuo cha ufundi kijijini, tumpe kazi gani?

Katibu_Kamati: Wakuu habari zenu. Huku kwetu Ludewa watoto wakimaliza form four wengi wanabaki tu nyumbani au wanakimbilia kupakia mbao Makambako, sasa wazee wameamua tuanzishe chuo, useremala, ushonaji na umeme wa majumbani. Mzee mmoja katoa ekari nane. Kuna wakili mzaliwa wa hapa yuko Dar, kasema atatusaidia bure na nauli anajilipia. Kwenye kamati wengine wanasema asubiri mpaka majengo yaishe ndo aje kusaini makaratasi. Mnaonaje?

Fundi Ukuta: Mkuu msimsubirishe hata siku moja. Sisi tulianza na matofali, tukapandisha mpaka usawa wa lenta, yule mzee aliyetoa shamba akafariki, wanae wakaja wakasema baba hakutuambia kitu, na sisi mkononi tuna daftari la mahudhurio tu. Ukuta upo mpaka leo, ndani wamepanda mahindi. Inaniuma kila nikipita pale. Aanze na ardhi! Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inasema halmashauri ya kijiji haigawi ardhi bila mkutano mkuu kuridhia, kwa hiyo huo muhtasari uandikwe vizuri, majina, sahihi, mhuri, na huyo mzee aseme mbele ya wake zake na watoto wake.

Mama Tuli: Nakubaliana na kaka hapo juu. Mimi nafundisha ushonaji kwenye chuo cha wananchi huku kusini, wakili wetu ni dada mmoja yuko na sisi mwaka wa tisa sasa hajawahi kudai senti. Katiba ya bodi ya wadhamini aliiandika kwa Kiswahili akatusomea kifungu kwa kifungu chini ya mkorosho, bibi mmoja akauliza, na mkigombana funguo anabaki nazo nani? Yule dada akanyamaza kidogo, akakata kifungu kizima akakiandika upya kwa kalamu palepale. Ndo akaipeleka RITA, wale wa serikali wanaosajili bodi za wadhamini. Halafu mikataba ya walimu ni yeye, na tulipoletewa cherehani mbovu barua ya kuzirudisha ni yeye. Kusaini ni kazi ndogo sana, mwombeni akae kwenye bodi.

mzalendo_77: Nyongeza, usajili wa vyuo vya ufundi siku hizi ni NACTVET, zamani ilikuwa VETA, wengi bado wanapeleka maombi kusiko. Na tembeleeni Chuo cha Maendeleo ya Wananchi kilicho jirani muone wanavyoendesha, vile vimeanza 1975, Mwalimu Nyerere alichukua wazo kutoka kwa Waswidi, wana uzoefu mkubwa. Ila wakili asiwe mwenyekiti, mambo ya pesa yakiharibika mtahitaji mtu wa kuwashauri ambaye hajasaini hundi.

Katibu_Kamati: Asanteni sana jamani, Fundi Ukuta pole kaka. Nimempigia wakili leo, swali la kwanza kaniuliza shamba ni la mzee mwenyewe au la ukoo, nikakosa jibu. Jioni naenda kwa mzee, na wanae wawili walioko Mbeya nimewaomba waje kabla ya mkutano mkuu. Mama Tuli, kile kifungu cha funguo mwishoni kiliandikwaje?

Mama Tuli: Funguo tatu, watu watatu, mmoja lazima awe mwanamke na hawatoki ukoo mmoja. Nakutumia picha ya ukurasa inbox.